Fomu ya Kwenda Kisiwani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla askari wa lango hajafungua kufuli. Hakuna aliyeniagiza nije mapema hivyo, ila mimi sijui kungoja. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mjini Kakamega, kwenye ofisi ya usajili wa watu, mahali panapotolewa vitambulisho ambavyo wengi wetu bado tunaviita vipande. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini, nimehamishwa kutoka idara nyingine ambako nilikuwa nikipiga chapa, na nilikuwa nimevaa gauni jeupe la kanisani kwa sababu ndilo pekee lililokuwa na kola. Kufikia saa nne gauni hilo lilikuwa na doa la wino kifuani. Bado ninalo, na doa bado lipo.

Mkubwa wetu alikuwa Afisa Msajili wa Wilaya, lakini sote tulimwita Msajili tu. Alikuwa mzee mfupi, mpole wa sauti, na miwani yake ilifungwa kwa uzi upande mmoja. Alinipa kibao cha bati, rola ya mpira, tyubu ya wino na rundo la fomu zilizoharibika, akaniambia nichukue alama za vidole vyangu mwenyewe mpaka atakaponiambia basi.

Vijana wa leo mnaweka kidole juu ya kioo, taa inawaka, mambo yamekwisha. Sisi tulikamua wino kiasi cha punje ya mtama, tukautandaza kwa rola mpaka bati lote liwe na weusi mwembamba ulio sawa. Wino ukizidi, mistari ya kidole inazama; ukipungua, haionekani. Kisha unashika kidole cha mtu na kukibingirisha kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili, mara moja, bila kurudi nyuma. Vidole ni kumi, na kila kimoja kina kisanduku chake. Mwenye mkono akijitia kukusaidia, ameharibu. Kwa hiyo kila aliyekuja tulimwambia, "Nipe mkono kama umelala."

Fomu ishirini za kwanza Msajili alizitupa bila hata kuvaa miwani. Jioni akaniita mezani kwake.

"Wewe una haraka," alisema. "Mkulima akikosea kupanda, njaa ni yake. Wewe ukikosea hapa, njaa ni ya mtu mwingine, na huenda asijue ni nani aliyemletea."

Nilimjibu kwamba nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli, ila mguu wangu ulikuwa tayari unatikisika chini ya meza kwa hamu ya kwenda nyumbani. Wenzangu waliuona mguu huo, na kabla juma halijaisha walikwisha kunibatiza Cherehani. Methali ya haraka na baraka niliimbiwa katika ofisi ile hadi nikaichukia.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Isecheno, kwenye kituo cha msitu, kusajili vibarua na familia zao. Tuliweka meza chini ya paa la ghala la miche. Watu wa msitu huja na utomvu vidoleni, na utomvu haukubali wino, kwa hiyo tulikuwa na chupa ya mafuta ya taa na kipande cha sabuni, na kila mtu alinawa kwanza. Huko ndiko nilikozoea jambo jingine ambalo baadaye lilinigharimu, nami nitalieleza sasa ili msije mkaniona mjinga kupita kiasi.

Fomu ina mahali pa kuandika mtu anakoishi. Muulize mtu wa kwetu anaishi wapi, mara nyingi hatakutajia kijiji. Atakuambia anaishi kwa Shitandayi, yaani karibu na boma la mzee wa jina hilo. Akienda kusaga mahindi, anaenda kwa fulani. Akienda kuteka maji mtoni, anapitia kwa fulani. Ardhi yetu huitwa kwa majina ya wenyewe. Mwanzoni niligombana na watu, nikitaka jina la kijiji. Msajili alipokuja kukagua alinikataza. Alisema chifu hamtafuti mtu kwa ramani. "Andika mwenye boma," aliniambia, "na mahali patapatikana." Tangu hapo kalamu yangu ikazoea kuuliza kwanza: hapa ni pa nani?

Baada ya Isecheno nilihamishiwa Matungu, kwenye nchi ya miwa. Kituo kilikuwa chumba kimoja kando ya ofisi ya chifu, chenye meza, benchi na kabati lisilofungika. Nilikuwa peke yangu siku zote isipokuwa Ijumaa, Msajili alipokuja kuchukua fomu za juma zima. Sikupenda kuwa peke yangu. Asubuhi nikishamaliza foleni, nilikuwa nikisimama mlangoni, narudi ndani, nafungua kabati, nalifunga, natoka tena. Chifu alinitania kwamba ningewekewa kibuyu cha maziwa mgongoni, jioni kungekuwa na siagi.

Hadija alikuja siku kama hiyo, saa tano hivi. Alisema "Salaam aleikum" kutoka nje, akangoja nimwitikie ndipo akaingia. Mtoto wake hakuingia. Alikuwa amechuchumaa kwenye kizingiti, magoti yamegusa kidevu, anahema. Nilidhani anaona haya, nikamwita. Hadija akasema, "Mwache tu, madam. Akitembea kidogo anachuchumaanga hivyo mpaka roho itulie." Nilipotazama vizuri niliona midomo ya yule mtoto ni ya rangi ya zambarau, na kucha zake pia. Aliitwa Sauda. Alikuwa na miaka mitano.

Hadija alitoa barua kutoka kwa Sista, mtawa wa kizungu aliyesimamia wodi ya watoto katika hospitali ya misheni. Barua ilisema mtoto ana tundu moyoni tangu kuzaliwa, na damu yake haipati hewa ya kutosha. Kundi la madaktari wa kujitolea, Wafaransa, lilikuwa limempima na kukubali kumpasua bure katika hospitali moja kubwa kisiwani Reunion, mbali huko baharini kupita kile kisiwa kikubwa cha Bukini. Tarehe ilikwisha kupangwa, na zilikuwa zimebaki wiki kumi na nne. Mzazi mmoja angemsindikiza, na Sauda hakukubali kulala kwa mtu mwingine ila mama yake. Shida ni kwamba mama huyo hakuwa na karatasi hata moja duniani.

Nilimwekea hesabu ya safari. Kwanza kipande, maana bila kipande hakuna ombi la pasipoti. Pili, cheti cha kuzaliwa cha Sauda, aliyezaliwa nyumbani, kwa hiyo kwanza barua ya naibu wa chifu. Tatu, barua ya mume, kwani siku zile mke hakupewa pasipoti bila mume kuandika kwamba ameridhia. Nne, pasipoti yenyewe, ambayo jina la mtoto lingeandikwa ndani ya kitabu cha mama, kama ilivyokuwa desturi. Tano, kadi ya manjano ya chanjo. Mwisho visa, ruhusa ya wenye kisiwa. Hadija alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mikono yake juu ya meza, akasema tuanze.

Nilipoishika mikono ile nilijua tuna shida. Tangu utotoni alikuwa akipalilia miwa, na mpini wa jembe na majani ya miwa yalikuwa yamekula vidole vyake hadi ncha zikawa laini na kung'aa, zenye mikwaruzo iliyokatana. Nilichukua alama hivyo hivyo nikiomba Mungu. Baada ya wiki tatu fomu ilirudi kutoka Nairobi ikiwa na mhuri mwekundu wa kukataliwa, kama nilivyoogopa.

Dawa yake tuliijua sisi wa nchi ya miwa, wala haiko katika kitabu chochote cha idara. Mikono inapumzishwa. Wiki mbili, tatu, mtu hashiki jembe, hafui nguo, hasugui sufuria. Kila jioni anajipaka mafuta ya mgando na kufunga vidole kwa kitambaa. Ngozi hurudi, na mistari hurudi nayo, kwa sababu aliyoiandika Mungu haifutiki, inachakaa tu juu. Nilimwita mumewe Swaleh, mkata miwa mrefu asiye na maneno mengi, nikamweleza.

"Madam," alisema, "hiyo mikono ikikaa bure wiki mbili, shamba nani atarima?"

Walilima wanawake wa jirani. Walipokezana, Waislamu na Wakristo, wakamaliza kupalilia shamba la Hadija na huku wakimwita bibi harusi, maana hata uji alikorogewa. Yeye aliteseka. Nilikuwa nikipita kwao kila jioni kukagua vidole, namkuta anazunguka uani, mikono imefungwa vitambaa, anaelekeza kuku kwa mguu. Hakuweza kukaa. Nilimpenda kwa hilo. Tulikuwa wawili wenye ugonjwa mmoja, na mtoto kati yetu amechuchumaa, ndiye pekee aliyejua kutulia.

Alama za pili zilitoka vizuri. Msajili alizichukua mwenyewe hadi Nairobi badala ya kuzituma kwenye mfuko, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu. Kipande kikatoka. Sista akashughulikia pasipoti, nayo ikatoka, na ndani yake jina la Sauda kwa wino wa buluu. Sasa zilikuwa zimebaki wiki nne na fomu moja, ile ya visa.

Kujaza fomu ile haikuwa kazi yangu. Naomba mlielewe hilo. Ilikuwa kazi ya Sista, ambaye alikuwa ameniachia bahasha yenye pasipoti, fomu na barua ya madaktari, akaenda kwenye mafungo ya watawa. Aliacha neno kwamba tumngoje arudi Jumatatu tujaze pamoja. Hiyo ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nikasikia kwamba Jumamosi gari la hospitali linakwenda Nairobi na lingeweza kuifikisha bahasha ubalozini. Nilihesabu siku. Nilijiambia siku tatu ni siku tatu. Nilimtuma mtu amwite Hadija, na alipofika nilikuwa nimekwisha kutoa kalamu.

Fomu iliuliza majina, nikaandika. Iliuliza kuzaliwa, nikaandika. Ikauliza unakwenda wapi. Nilikuwa nimeazima atlasi ya shule kwa mwalimu mkuu, nikaifungua pale mezani. Kisiwa kilikuwa nukta ndogo tu katikati ya maji, na chini ya jina lake, katika mabano, limeandikwa jina la mwenyewe: Ufaransa. Nikasema kwa sauti, "Kisiwa hiki ni cha Wafaransa." Hadija akaitikia kwamba basi wanakwenda kwa Wafaransa. Kila kitu kilikaa sawa. Madaktari ni Wafaransa, barua yao ina anwani ya Ufaransa juu, ubalozi ni wa Ufaransa. Nikaandika Ufaransa. Fomu ikauliza mji, nikaandika Paris, kwa kuwa ndio mji wao niliokuwa nikiujua, na ndio uliokuwa kwenye anwani ya madaktari. Nilikuwa nimeandika mwenye boma, kama nilivyozoeshwa, na nilikuwa na uhakika kwamba mahali patapatikana.

Hadija hakujua kuandika, kwa hiyo aliweka kidole gumba chini. Alama ilitoka safi kabisa. Tuliitazama wote wawili, tukacheka kwa furaha.

Sista aliporudi alikuta kazi imekwisha, akanishukuru. Visa ikatoka. Hakuna aliyeisoma; ilikuwa imeandikwa Kifaransa, na picha na mhuri vilitutosha. Siku ya kuondoka Swaleh alichinja, na nilikula obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, uani kwao kama ndugu wa damu. Sauda alikuwa na viatu vipya na hakutaka mtu avikanyage. Waliondoka Jumanne na Sista, na ndege ilikuwa Jumatano. Siku hiyo yote nilikuwa roho juu juu, nikitazama mbinguni kana kwamba ndege ya Nairobi ingepitia Matungu.

Ijumaa, Msajili akiwa amekaa mezani kwangu anapanga fomu, nilisikia "Salaam aleikum" kutoka nje. Niliitambua sauti hiyo. Hadija aliingia na sanduku lile lile, Sauda mgongoni amelala, na Sista nyuma yao akiwa mwekundu kwa uchovu. Walikaa kwenye benchi. Sista ndiye aliyeeleza. Kwenye uwanja wa ndege, afisa wa shirika la ndege aliisoma visa yao mara mbili, akasema hawawezi kupanda. Visa ilikuwa ya Ufaransa bara, ile ya Ulaya. Kisiwa ni chao kweli, lakini kina mlango wake na ruhusa yake, na visa ya bara haifungui huko. Ni kama mgeni aliyekaribishwa nyumba kubwa. Hajapewa ruhusa ya kuingia ghalani. Sista alisihi mpaka akalia, na ndege ikaondoka. Madaktari walikuwa wamepigiwa simu na wangejaribu kumpanga tena mwezi uliofuata.

Msajili aliuliza nani alijaza fomu. Alikuwa ameshika nakala, niliyoiweka kwenye faili kwa mkono wangu, na mwandiko wangu aliujua kuliko mtu yeyote duniani. Sista alinitazama. Hadija alikuwa akimfungua mtoto kanga.

"Ubalozi ndio umekosea," nilisema.

Nilisema uongo huo mbele ya mtoto aliyekuwa akihema. Nina umri mkubwa sasa, nimezika mume na dada zangu wawili, na hakuna jambo ninaloonea aibu kuliko sentensi ile. Msajili aliifunga faili polepole. Hakunikaripia. Alipokuwa akiondoka jioni alisimama mlangoni, akauliza kama nakumbuka habari ya njaa, akaenda zake bila kungoja jibu.

Siku ya kumi na moja tangu waachwe na ndege, Sauda alianguka asubuhi kando ya meko. Walimkimbiza hospitalini kwa baiskeli, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kushoto hauna nguvu. Sista alinieleza kwamba damu ya watoto wa namna hiyo huwa nzito, na inaweza kuganda na kuziba kichwani wakati wowote. Ndiyo sababu walikuwa na haraka ya kumpasua. Nilimuuliza kama lingetokea hata kama wangekwenda siku ile. Alikuwa mtu mkweli. Alisema siku ile ya kumi na moja Sauda angekuwa kitandani kisiwani, amekwisha kupasuliwa.

Sikulala. Mchana nilifunga ofisi nikatembea kati ya miwa hadi mtoni, nikarudi, nikaenda tena, na watu walionisalimia "Mulembe" niliwapita bila kuwajibu. Niliogopa kwamba mtoto atakufa. Niliogopa pia kwamba watu watajua ni mimi.

Mguu ulipata nguvu baada ya siku chache. Mdomo ukanyooka. Mkono wa kushoto ulibaki umekunjika, vidole vimefumbata kiganja. Madaktari wakatoa tarehe mpya, na ikahitajika fomu mpya ya visa. Sista angeweza kuijaza, na nilitumaini ataijaza. Lakini asubuhi ya Jumatatu Hadija aliingia peke yake, akaiweka fomu tupu mezani kwangu, akakaa.

Nilijaribu kuishika kalamu nikashindwa. Nilimwambia ubalozi haukukosea. Nilimwambia ni mimi niliyeandika Ufaransa na Paris, kwamba Sista alisema tungoje Jumatatu nami sikungoja, na kwamba nilimdanganya akiwa amekaa kwenye benchi ile ile. Nilisema yote kwa pumzi moja, kisha nikasubiri anipige au alie.

"Najua, madam," alisema. "Yule kijana wa ndege alinionyesha. Alisema mwenye kujaza karatasi ndiye aliandika hivyo."

Alikuwa amejua siku zote. Alijua nilipokuwa nikisema uongo, alijua mtoto alipoanguka. Nilimuuliza kwa nini basi amerudi kwangu, na Sista yupo.

"Mtu mwingine atakosea pahali mimi sijui," alisema. "Wewe unajua pahali ulikosea. Andika."

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme. Niliandika jina la kisiwa, na jina la mji wa kisiwa, na jina la hospitali, na jina la wodi. Nilikwenda kwa baiskeli hadi hospitalini nikamwomba Sista aisome yote neno kwa neno, kisha nikamwomba aisome tena. Visa ilipotoka nilimpelekea mwalimu wa Kifaransa wa shule moja ya wasichana mjini Kakamega, akanitafsiria hadi maandishi madogo ya pembeni.

Walikaa huko karibu miezi mitatu. Waliporudi nilikwenda kuwapokea, na Sauda alikimbia kutoka barabarani hadi uani bila kuchuchumaa. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya mtu. Hadija alisema kumbe kule nako ni miwa mtupu, na asubuhi moja aliamka akasikia harufu ya majani yakichomwa, akadhani amerudi Matungu. Alisema mikono yake ilimwasha kwa kukosa jembe. Swaleh alicheka, mara ya kwanza mimi kumwona akicheka. Nilitazama mkono wa kushoto wa mtoto. Ulikuwa vile vile, umefumbata.

Msajili alistaafu miaka michache baadaye. Aliyemfuata alipenda idadi: fomu ngapi kwa siku, ngapi kwa juma. Aliyemfuata huyo alileta kompyuta, akaifunika kwa kitambaa mwaka mzima ili isiingie vumbi. Mimi nilirudishwa kaunta ya Kakamega, nikamaliza huko utumishi wangu. Mguu haukuacha kutikisika. Ila kila fomu ilipofika mahali pa kuandika safari, mguu ulitulia, na vijana wa kaunta walijifunza kutonisemesha mpaka niinue kalamu.

Sasa nakaa Shieywe, papa hapa Kakamega, na kustaafu kumenishinda. Nimepanda sukumawiki nikang'oa, nimefuga kuku nikagawa. Kinachonituliza ni watu wanaoniletea fomu zao, vijana wanaokwenda Uarabuni na kwingineko. Sikuulizi nchi ni ya nani. Nakuuliza utalala wapi usiku wa kwanza, na kama hujui, nakurudisha nyumbani ukaulize. Wengine huniona msumbufu. Kabla ya kuandika haya nilimpelekea Hadija salamu kumwomba ruhusa, kwa sababu hakuwahi kumwambia bintiye habari hii. Alijibu kwamba niandike, mtoto sasa ni mtu mzima, lakini nisiandike kwa haraka.

Fomu ya mwisho niliyoijaza kwa wino nikiwa mtumishi ilikuwa ya binti huyo. Zilikuwa zimebaki siku nne nistaafu. Alikuja na mama yake, msichana mrefu kama baba, ametimiza miaka kumi na minane, anataka kipande ili aingie chuo cha ualimu. Sijui kama walinichagua au ilitukia tu. Nilitandaza wino. Mkono wa kulia ulikwenda vizuri, kidole kwa kidole, mistari mikali ya mtu aliyeshika kalamu kuliko jembe. Nilipofika wa kushoto nilimwambia kwa mazoea, "Nipe mkono kama umelala."

"Huo ulilala zamani, madam," alisema, akitabasamu.

Niliagiza maji ya moto kidogo kwenye karai. Niliuweka mkono wake humo, nikaukanda, nikafungua vidole kimoja kimoja na kukibingirisha kadiri kilivyokubali. Vitatu vilitoka nusu. Kanuni inasema alama isipokamilika, karani aandike sababu katika kisanduku kidogo kilicho pembeni na kutia sahihi. Nilikaa na kalamu juu ya kisanduku kile. Sauda alikuwa akipangusa wino. Hadija alikuwa amesimama nyuma yake, anautazama mkono wangu.

"Andika ugonjwa," alisema taratibu.

Niliandika ugonjwa wa utotoni, maana ndivyo ilivyokuwa, na nafasi haikutosha zaidi. Kisha chini yake, mahali ambapo kwa miaka yote nilikuwa nikichora mkwaruzo tu kwa haraka, niliandika jina langu lote, herufi kwa herufi, mpaka likasomeka.